Mkwe wa Kwa Kinyozi

Bi Mitsue Kurahashi alikuja ofisini kwetu kufunga biashara, na hilo halikunishangaza hata kidogo. Mlangoni petu pameandikwa Ofisi ya Maendeleo ya Mji wa Kamiyose. Kazi yangu, kwa mujibu wa barua ya ajira, ni kuwasaidia wenye biashara ndogo kuanza na kukua. Lakini mji wetu uko milimani, vijana wameteremkia Hiroshima na Osaka, na kwa miaka tisa fomu niliyoijaza kuliko zote ilikuwa fomu ya kufunga. Muuza tofu alifunga. Fundi saa alifunga. Mwenye duka la viatu naye alifunga, akaniachia jozi ya mabuti ya mpira kwa shukrani, na yananibana mpaka leo.

Ilikuwa asubuhi ya Novemba, ukungu umekaa barabarani. Mama mmoja mwembamba aliingia, akavua skafu, akainama, akataja jina lake kwa sauti ya chini. Nikasema, "Aa, mkwe wa kwa kinyozi!" maana hakuna aliyemwita vinginevyo. Aliolewa akiwa na miaka ishirini na mbili katika nyumba ya vinyozi wa mtaa wa juu, yeye mwenyewe akiwa kinyozi wa kusomea. Mumewe alifariki mapema. Baadaye mama mkwe akapooza, kiti cha kunyolea kikafunikwa shuka, na kwa miaka minane Bi Mitsue akawa muuguzi. Mama mkwe alikuwa amefariki mwezi wa tisa. Bi Mitsue sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, na nyumba nzima imenyamaza.

"Nimekuja kulifuta duka," alisema. "Bado limo kwenye orodha yenu. Naona aibu kumiliki kitu ambacho hakipo."

Nikampa fomu. Akaijaza polepole kwa mwandiko mzuri, mpaka akafika mstari wa mwisho, akainua kalamu.

"Hapa mnataka tarehe ya mteja wa mwisho. Niandike nini?"

"Siku uliyomnyoa mtu wa mwisho."

"Jana."

"Jana? Si duka limefungwa miaka minane?"

"Duka, ndiyo. Ila jana nilikuwa kwa Bibi Toyo kule bondeni. Yule si mteja, mwalimu, yule yuko kitandani. Nilipokuwa namkata mama mkwe nywele akiwa amelala, majirani waliona, wakaniomba na wao. Basi nawapitia. Wananipa figili."

Watu wa huku humwita mwalimu kila anayekaa kwenye dawati la ushauri, hata kama ushauri wake haujawahi kumfaa mtu. Nikamuuliza wako wangapi. Alihesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza tena.

"Kumi na wanane. Kumi na tisa, kama yule mzee wa darajani bado yupo."

Nikanyoosha mkono nikaichukua ile fomu.

"Sijamaliza," alisema.

"Najua. Naomba kwanza nikakuone kazini, siku moja tu. Ukitaka kufunga baada ya hapo, nitaigongea mhuri mwenyewe."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuonyesha jiko lake likiwa halijafagiwa. Lakini akakubali.

Nilifuatana naye Alhamisi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyepigwa kiharusi, hawezi kukaa. Bi Mitsue alitandika nailoni, juu yake gazeti, akakunja taulo mara tatu akalisukuma chini ya shingo. Kisha akauweka mkono wake wa kushoto chini ya kichwa cha yule mzee, akakigeuza taratibu, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyesinzia asimwamshe. Kwa mkono wa kulia akakata. Muda wote alikuwa akimnong'oneza sikioni: sasa nageukia upande wa dirisha, sasa mkasi utakuwa baridi kidogo, vumilia. Mzee hakuweza kusema, lakini macho yake yalimfuata. Mimi niliyekuja na daftari sikuandika chochote.

Tukiwa njiani nikamwambia, "Bi Mitsue, hii ni biashara."

Akacheka mpaka akaziba mdomo. "Hii ni kukata nywele tu."

"Na tofu ni maharage tu."

Sitasimulia safari zote. Kunyoa watu majumbani kunahitaji kibali cha ofisi ya afya, na kibali kinahitaji leseni. Leseni yake tuliikuta kwenye droo ya kijikabati cha kuwakumbukia marehemu, chini ya vijiti vya udi, ikiwa na picha ya msichana wa miaka ishirini mwenye mashavu ya mviringo. "Huyu alikuwa na haraka sana," alisema akiitazama ile picha, akaifuta vumbi kwa kiganja. Afisa wa afya alikuja akakagua mikasi, nyembe na dawa ya kuzitakasia, akaridhika. Yote hayo yalikwenda vizuri. Palipokwama ni pa bei.

Tulikubaliana yen elfu tatu. Kuiandika aliweza, ila kuitamka ikamshinda. Kwa hiyo siku moja tukafanya mazoezi palepale ofisini. Nikaunganisha viti viwili, nikalala chali, nikawa bibi kizee. Mwenzangu wa dawati la pili akaacha kazi zake ili atazame.

"Asante, binti," nikasema kwa sauti ya kikongwe. "Nikupe nini?"

Bi Mitsue alisimama juu yangu amekumbatia begi lake la vifaa. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Sema tu, Bi Mitsue. Elfu tatu."

"Elfu..." Akameza mate. "Figili."

Mwenzangu alicheka mpaka akakohoa. Bi Mitsue alicheka pia, lakini aliketi ghafla kwenye kiti cha wageni, akasema kwa upole, "Mwalimu Hatano, hawa watu walimjua mume wangu. Walinipokea nikiwa mgeni hapa. Nitawezaje kuwanyooshea mkono?"

Nilikuwa na kijitabu cha mwongozo chenye sura nzima kuhusu kupanga bei, na ndani yake hamkuwa na mtu yeyote aliyemjua mume wa mtu.

Aliyelijibu swali hilo ni Bibi Toyo. Wiki iliyofuata tulikwenda kwake pamoja, mimi nikiwa na nia ya kumweleza huo utaratibu mpya. Bibi Toyo alikuwa na miaka tisini na mmoja. Aliuza vitambaa vya kimono kwa miaka arobaini, na ingawa miguu ilikuwa imemkatalia, sauti yake bado ilikuwa ya mtu aliye nyuma ya kaunta. Alinisikiliza nusu dakika, akanikata.

"Wewe nyamaza kwanza. Nataka kusikia kwa mkwe wa kwa kinyozi. Kwa hiyo sasa utatoza?"

"Ndiyo, bibi," Bi Mitsue alisema. "Samahani."

"Kiasi gani?"

Bi Mitsue aliinamisha kichwa, akaisema ile bei ndani ya kola ya sweta lake.

"Fungua droo hiyo. Pochi nyekundu. Chukua mwenyewe." Alingoja mpaka pesa ikachukuliwa. "Nimeshalipa?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mimi ni mteja?"

"Ndiyo."

"Haya, sikiliza vizuri. Miaka mitatu sasa unanikata nywele za mbele fupi mno. Nafanana na mtoto wa chekechea! Kila nikijiona kwenye kioo nataka kulia. Nikae nikuambie nini? Mtu anakuja bure, na mvua, na wewe umshike makosa? Anayepewa bure hana mdomo, mwanangu. Sasa ninao. Ziache zifike kwenye nyusi. Na huku pembeni usinibane."

Bi Mitsue aliganda na mkasi mkononi. Nilidhani atalia, na kweli machozi yalikuja, lakini yalikuja na kicheko. "Samahani, bibi," akasema. "Kwenye nyusi. Pembeni nisibane." Akaanza kazi. Bibi Toyo alishika kioo cha mkononi muda wote, akiamrisha kila nywele: hapo ongeza, hapo acha, we, nimesema acha. Sijawahi kumwona mtu wa kitandani aliyesimama wima namna ile.

Wakati wa kurudi Bi Mitsue alisimama darajani, mto ukivuma chini.

"Miaka mitatu, mwalimu. Nilidhani nawafanyia wema."

"Ulikuwa unawafanyia."

"Ndiyo. Na nilikuwa nawaziba mdomo." Akaifunga skafu yake. "Twende. Yule wa darajani yupo, nimeulizia. Ninamwambia bei leo mwenyewe, wewe ubaki nje."

Nilibaki nje. Alitoka baada ya dakika arobaini, akanionyesha vidole vitatu kwa mbali, kama mtoto aliyefaulu.

Msimu wa kupanda mpunga ulipofika alikuwa na wateja thelathini na wanne. Alikuwa akizunguka kwa gari la kukodi au basi la mji, begi begani. Mkoa hutoa ruzuku kwa biashara ndogo za vijijini, nikamwambia tuombe gari. Niliandika ombi mwenyewe, kurasa kumi na mbili, na nililionea fahari. Lilirudi mwezi wa sita, limekataliwa. Nilipomwona Bi Mitsue akija nilijifungia chooni kwa muda, nisimtazame usoni. Nilipotoka alikuwa ameketi dawatini kwangu, analisoma.

"Mwalimu, hapa umeandika huduma itawafikia walengwa. Walengwa ni akina nani?"

"Ni Bibi Toyo na wenzake."

"Mbona umewaita hivyo? Kama wanapigwa mishale!" Akageuza ukurasa. "Na hapa, mjasiriamali mwenye uzoefu wa kina. Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Simjui," alisema, si kwa kukebehi. "Nipe kalamu. Nitaandika, wewe utanirekebishia."

Aliandika ukurasa mmoja. Nakala yake bado ninayo. Sehemu yake inasema hivi: "Mimi ni kinyozi. Nawaendea watu wasioweza kuja. Maji ya kuwaoshea kichwa nayachemsha jikoni mwao, na katika nyumba nyingine jiko liko mbali na kitanda, kwa hiyo maji hufika yamepoa. Mzee akioshwa kwa maji yaliyopoa hutetemeka lakini hasemi, kwa kuwa anaona nimejitahidi. Nikipata gari lenye tangi la maji ya moto, hatatetemeka."

Niliongeza jedwali na namba walizotaka. Neno lake hata moja sikuligusa. Mwezi wa nane barua ikaja: wamekubali.

Gari lilikuwa dogo, jeupe, la mtumba, na fundi wa mjini alilifungia tangi, mpira wa maji na beseni la kuegeshea shingo. Alipomaliza akaleta rangi, akauliza aandike jina gani ubavuni. Bi Mitsue akajibu bila kufikiri: Kinyozi Kurahashi, kama duka lilivyoitwa tangu baba wa babu mkwe. Nikamvuta pembeni.

"Hilo ni duka lao, na liheshimiwe. Lakini hili ni la nani?"

Alikaa akilitazama lile gari kwa muda mrefu, mpaka fundi akawasha sigara. Kisha akamwendea, akamwambia jambo kwa sauti ndogo. Jioni ile likapita barabara kuu limeandikwa kwa herufi za buluu: KINYOZI MITSUE. Nilimsikia muuza samaki akiuliza, "Mitsue ndiye nani?" na mkewe akamjibu, "Mkwe wa kwa kinyozi, mpumbavu wewe! Kumbe ana jina zuri."

Halafu Bibi Toyo akaingia kazini. Hakuna aliyemwajiri. Alikuwa na simu kando ya mto wa kulalia na daftari la namba za wateja wake wa zamani wa vitambaa, na akaanza kuwapigia mmoja mmoja, bonde baada ya bonde. Waliokuwa hai aliwaambia wajiandikishe. Waliokuwa wamefariki, aliongea na wakwe zao. Kabla ya mwaka mpya Bi Mitsue alikuwa na wateja sabini katika vijiji vitano. Nikaripoti mkoani kwa majigambo. Nikachora mstari unaopanda, nikaubandika ukutani.

Januari, katikati ya theluji, simu yake haikupokelewa siku nzima. Nilimkuta nyumbani amelala sakafuni kando ya meza ya kupashia miguu joto, mgongo umemkataa. Alikuwa hawezi hata kujigeuza. Nikachemsha maji, nikampashia supu ya miso iliyokuwepo, nikamshika kichwa ili anywe, bila kujua pa kushikia.

"Polepole," alisema. "Chini zaidi, kwenye kisogo. Hapo."

Akanywa. Kisha akasema, akitazama dari, "Umenifundisha kukua, mwalimu. Hukunifundisha kukoma."

Alisema bila hasira. Nilitamani angekasirika. Nilirudi ofisini nikauondoa ule mstari ukutani, na kwa siku tatu nikawapigia wateja wote sabini kuwaeleza kwamba watangoja. Wengi waliniuliza swali moja tu: anakula nini, na nani yuko naye? Kufikia Jumapili mlangoni kwake kulikuwa na vyungu saba na figili zisizohesabika.

Alipoweza kukaa, nikamwambia anahitaji mtu wa pili. Akakataa. Vichwa hivi anavijua kimoja kimoja, alisema. Huyu ana kovu, yule anaogopa sauti ya mashine, yule ukigusa sikio anamkumbuka mkewe. Hayo atamwandikia nani?

Mtu wa pili aliingia ofisini kwangu Februari akitafuta kazi yoyote. Aliitwa Chisato Nonomiya, miaka thelathini na moja, amerudi kutoka Osaka na binti wa miaka minne baada ya ndoa kuvunjika. Leseni ya kinyozi alikuwa nayo, amefanya kazi miaka saba katika saluni kubwa. Nywele zake zilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na kwenye sikio moja alikuwa na hereni tano. Nilijisemea, wazee watazimia. Hata hivyo nikampeleka.

Bi Mitsue alimtazama kuanzia hereni hadi soksi. Akamkaribisha chai. Hakumuuliza kuhusu saluni wala kuhusu mume. Chai ilipoisha, akatandika nailoni sakafuni, akajilaza juu yake kwa uangalifu, akafumba macho.

"Nikate."

"Nikukate vipi, mama?" Chisato aliuliza.

"Kama mtu asiyeweza kuinuka."

Nilikuwa nimekaa pembeni, na hapo ndipo nilipong'amua kwamba mwanamke huyu alikuwa akijikata nywele mwenyewe mbele ya kioo kwa miaka mingi. Nyuma zilikuwa zimepinda, na hakuna aliyewahi kumwambia. Chisato alipiga magoti. Akaupitisha mkono chini ya shingo.

"Mkono wako ni baridi," Bi Mitsue alisema bila kufumbua macho. "Upashe kwanza."

Chisato akauingiza mkono kwapani, akangoja, akaurudisha. Hakuwa na haraka. Alikata robo saa bila kusema neno, kisha akaanza, kwa hiari yake, kueleza: sasa nahamia kushoto, mama, nitakuinua kidogo. Chozi likamtoka Bi Mitsue pembeni mwa jicho, likaelekea sikioni, na Chisato akalifuta kwa ncha ya taulo kana kwamba ni unywele tu ulioanguka.

"Utakuja kesho saa mbili," Bi Mitsue alisema alipoinuka. "Mtoto mlete, nitamwekea uji. Na hizo hereni..." Akafikiri. "Ziache. Bibi Toyo atazipenda."

Bibi Toyo alizipenda kuliko kawaida. Ndani ya wiki mbili alikuwa ameagiza nywele zake nyeupe zitiwe rangi ya zambarau, na ofisi yangu ikapokea simu tatu za vikongwe wakiuliza kama huduma hiyo ipo kwa wote.

Mwezi mzima walizunguka pamoja. Kisha ikafika siku ya mwisho wa Machi ambapo Chisato angekwenda peke yake. Mteja alikuwa Babu Genkichi wa kijiji cha juu kabisa, mkata magogo wa zamani, mtu aliyewahi kumfukuza muuguzi kwa fimbo. Alitaka kunyolewa ndevu, kwa wembe.

Bi Mitsue alimkabidhi funguo za gari saa tatu. Saa tatu na nusu alikuwa ofisini kwangu, akidai amekuja kuulizia fomu. Hakusema fomu ipi. Akaketi. Akasimama. Akapanga upya vijitabu vyangu vya mwongozo kwa urefu. Nikampa chai, ikapoa mbele yake.

"Barabara ya kule ina barafu kwenye kona," alisema.

"Imeyeyuka. Nimeuliza."

"Yule babu ana shavu lililobonyea kushoto. Ngozi lazima ivutwe kwa kidole, la sivyo..."

"Umemwambia mara nne, Bi Mitsue. Nilikuwepo."

"Nilimwambia?"

Saa sita kasoro tukasikia gari. Bi Mitsue hakuinuka; alikamata kingo za kiti kwa mikono miwili. Chisato aliingia amekumbatia mfuko wa machenza, uso mwekundu kwa baridi, akatutazama sote wawili.

"Mbona mmekaa kama mko hospitali?"

"Vipi?" Bi Mitsue aliuliza. "Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Nilipaka povu, nikaanza shavu la kulia, na nilipofika kidevuni nikaona amelegea. Nikaogopa, mama, nikaweka sikio puani kwake. Kumbe amelala."

"Amelala," Bi Mitsue akarudia. "Wembe ukiwa shingoni?"

"Shingoni hapa."

"Alikoroma?"

"Sana! Ilibidi ningoje apumue ndipo nipitishe wembe."

Bi Mitsue aliachia kiti. Alichagua chenza moja mfukoni, akalimenya lote, akaondoa hata nyuzi nyeupe, akampa Chisato nusu, na nusu nyingine akaiweka dawatini kwangu juu ya makaratasi.

"Kula upesi," alimwambia Chisato, akifunga skafu yake. "Saa nane tunao wawili kule bondeni, na maji bado hayajachemka."